Kifaa Kisichopita Kwangu

Kila Desemba, ndugu zangu wakitoka Dar kwenda kwa mama, Chome milimani, hupita kwanza kwangu Same. Ukitazama ramani utaona jambo hilo halina akili. Njia ya kupandia milimani inachepuka Makanya, na anayetoka Dar huifikia Makanya kabla ya Same. Kwa hiyo hupita njia panda yao, huja hadi mjini, hula kwangu, halafu hurudi Makanya na mimi nimekaa kiti cha mbele cha gari la kwanza, mkono nje ya dirisha, naelekeza. Niliamini wananihitaji. Barabara ile hubadilika kila masika, na watu wa Dar ni wepesi wa kusahau.

Siku hiyo moja ndiyo cheo changu. Sina gari, na elimu ya chuo kikuu na kazi ya kuandika uhakiki vimenipa zaidi miwani kuliko kitu kingine. Lakini siku hiyo humwambia mume wa dada yangu, mtu wa ofisi yenye kiyoyozi, "Kanyaga, shemeji, usiogope," naye hukanyaga.

Desemba iliyopita alinipigia simu wakiwa Hedaru.

"Shemeji, safari hii hatufiki Same. Nimefunga kifaa kipya, kinasema tukunje Makanya. Njoo utukute pale."

"Kifaa gani?"

"Cha kuonyesha njia. Kina laini yake humo ndani, kinaongea na intaneti chenyewe. Nataka ukikague, si wewe ndiye mkosoaji wa ukoo? Ukikipitisha, nawanunulia na kaka zako."

Nikaelewa vizuri. Nikikipitisha, magari yote yatakunja Makanya, na Same nitabaki na mke wangu tukiyasikia mabasi ya watu wengine yakipita.

Mke wangu alikuwa ameshapika makande tangu alfajiri. Aliyatia kwenye hotpoti akanikabidhi. Yote aliyotaka kusema yalikuwa usoni. Nikashuka Makanya kwa basi, nikasimama karibu na malori ya jasi, nimekumbatia hotpoti kama mtu aliyekuja kuomba kazi ya upishi.

Gari lilipofika, kiti cha mbele kilikuwa na dada yangu.

"Kaa nyuma na mabegi, mdogo wangu," akasema. "Leo uko likizo."

Kifaa chenyewe kilikuwa kimenata kwenye kioo cha mbele, kidogo kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mpinzani mwenye umbo. Hiki kilitoshana na sahani ya kikombe, na kilikuwa na sauti ya mwanamke mpole.

"Geuka kulia," kikasema, na shemeji akageuka. Hakuuliza "una uhakika?" Mimi huniuliza kila mahali.

"Tangu tumetoka Dar hajakosea," shemeji akasema. "Kila kibao cha hamsini ananiambia mapema. Trafiki wamenisimamisha mara ngapi, mama watoto?"

"Hata mara moja," dada akajibu. "Wakati mwaka juzi, ulipokuwa unaongea na huyu kwenye simu, tulipigwa tochi ya kupima mwendo."

Huyu ni mimi.

Tukaanza kupanda. Mkonge ukabaki chini, hewa ikapoa, na mimi nikaanza kuomba mabaya. Nilijua mtandao hukatika kule juu, na nilikuwa nausubiri ukatike kama mtu anavyosubiri matokeo ya mtihani wa mtoto wa jirani. Ukakatika kweli. Alama ndogo pembeni ikawa ya kijivu, nami nikakaa wima.

"Bila shaka sasa hakijui tulipo," nikasema, kwa sauti niliyoitaka iwe ya masikitiko.

"Ramani niliipakua jana," shemeji akasema. "Inaendelea yenyewe."

Ikaendelea. Penye njia panda iliyowahi kuwapoteza kaka zangu, ilisema kulia, na kulia ndiko. Nilikuwa nimeshainua mkono kuonyesha, nikautumia kujikuna.

Kilikosea mara moja tu. Kilituambia tuingie kwenye kichochoro kilichopita katikati ya migomba, njia ambayo hata bodaboda huipita kwa kubembeleza. Nikafungua mdomo, lakini shemeji alikuwa ameiona mwenyewe, akaipita. Kifaa kikapanga njia upya, kikaendelea na upole wake ule ule. Hapo ndipo wivu uliponishika. Mimi nikipuuzwa kwenye kona moja, hununa hadi kwa mama.

"Mbona umenyamaza?" dada akaniuliza.

"Nakagua."

"Kagua huku unanipa makande."

Kwa mama, tulipomaliza kusalimia na kula, shemeji alikiweka kile kifaa mezani mbele ya watu wote.

"Haya, mkaguzi. Kinafaa, hakifai?"

Kaka zangu walikuwa wameshafika kwa usafiri wao, wamepotea njia kidogo, wana matope hadi magotini. Wote walinitazama, na mama pia. Ile njia ya migombani nilikuwa nayo mkononi. Mtu wa kazi yangu angeweza kuitandika kurasa nne, akaonyesha jinsi familia nzima ingeweza kuteketea korongoni.

"Kinafaa," nikasema. "Kinaniacha mbali."

Shemeji akapiga makofi. Kisha nikajisikia nikiongeza, kwa sauti ambayo sikuipanga, "Lakini mimi nataka mpite kwangu."

Mtu wa umri wangu, mwenye mvi, anaomba kutembelewa.

"He! Sasa nani kakwambia hatupiti?" dada akasema. "Tukishuka tunakuja. Na mwambie wifi asitupe tena makande ya kwenye hotpoti, tunataka ya sufuriani, ya moto."

"Basi tumweke kwenye kifaa," shemeji akasema, akanisogezea. "Gusa nyumba yako hapo, shemeji, niifanye kituo. Kila tukija kitatupitisha."

Nikavaa miwani. Same kwenye picha ile ya kutoka juu ni mabati matupu. Nikasogeza kidole huku, nikasogeza kule, nikaipata stendi, nikaipoteza. Shemeji akaanza kukohoa kikohozi cha adabu.

Dada aliinama juu ya bega langu, hata hakukishika kile kifaa vizuri, akaweka kidole juu ya bati moja.

"Hii hapa. Ukishapita soko, unakunja pale msikitini, geti la bluu."

Alisema bila kufikiri, kama anavyotaja namba yake ya simu. Niligeuka kumtazama, lakini alikuwa ameshamgeukia mama, anamuuliza habari za tangawizi.