Jibu la Swali la Tatu

Abdimajid Shuriye alikuwa msimamizi wa kitu kimoja tu duniani, na kitu hicho kilikuwa kimemfungia nje. Lori lake la kubeba mifugo lilisimamiwa na fundi. Nyumba yake ya Chechelesi, Isiolo, ilisimamiwa na mkewe Halimo, waziwazi na bila kura. Lakini kwenye kompyuta yake ya mkononi, aliyoinunua ikiwa imeshachoshwa na mtu mwingine, palikuwa na jina lake, chini ya jina neno "Msimamizi", na chini ya neno hilo kisanduku cheupe kilichosubiri paswadi. Aliyeiweka paswadi ni yeye. Aliyeisahau ni yeye. Hata mtu mwenye kipaji cha kulaumu wengine, na Abdimajid alijaliwa hicho, hapo alikosa pa kuanzia.

Na asingejali. Kazi zake alikuwa ameshazihamishia kwenye simu, na watoto walikuwa na upande wao wa kompyuta ambao haukuuliza mtu chochote. Aliyeleta shida ni Bisharo.

Bisharo ni binti ya Dahir, na Dahir alikuwa mtoto wa kwanza wa kaka mkubwa wa baba yake Abdimajid. Vitabu vinamwita mtu wa namna hiyo binamu. Kwa wajukuu wa askari wa Kisomali aliyepigana vita vya Waingereza na kuachwa Isiolo na medali na kipande cha ardhi, huyo si binamu. Huyo ni kaka, tena mkubwa, anayenawa mikono kabla yako na kusema kabla yako. Dahir alinawa na kusema hivyo mpaka mwaka jana, alipofariki.

Alifuga ngamia upande wa Ngaremara, na aliwanywesha kwa wimbo. Ndivyo wenye ngamia wafanyavyo: mtu anateka maji huku anaimba, ngamia wanakunywa; akinyamaza, wanainua vichwa. Kila mfugaji ana wimbo wake na namna yake ya kuukokota. Sasa ngamia wamebaki kwa Bisharo, na wimbo umezikwa.

"Adeer," Bisharo alimwambia, na Abdimajid aliitika "adeer" vilevile, kwa kuwa baba mdogo na mtoto wa ndugu huitana kwa neno hilohilo, jambo ambalo huwapa heshima sawa hata pale mmoja wao haistahili. "Wanakuja kwenye birika, wanaonja, halafu wanainua shingo wanaangalia barabarani. Wanamtafuta. Mchungaji ameimba mpaka koo limekauka. Mmoja amemtemea."

"Labda anaimba vibaya."

"Anaimba wimbo wa baba yake. Hao wanataka wa baba yangu. Na wewe unao, adeer. Mama anasema ulimrekodi, hata ngamia waliogopa simu."

Alikuwa nao. Ulikuwa ndani ya kompyuta, kwenye folda aliyoifunga mwenyewe. Akasema, "Bila shaka," kwa sauti ya mtu mkarimu, kisha akakumbuka kwamba hana paswadi. Kuna kitu kingine pia alikaribia kukikumbuka, ila kilikaa mbali kidogo, kama mtu anayekujua sokoni na hujaamua kama umemwona.

Wakaenda kwa Joy, Mmeru mwenye duka la kutengeneza simu na kompyuta karibu na soko. Joy alikuwa na kucha ndefu na subira fupi.

"Habari, mzee. Hii ni yako ama umeokota?"

"Ni yangu. Jina si hilo?"

"Kila mwizi husema hivyo. Paswadi ulijaribu gani?"

Alikuwa amejaribu namba ya lori, jina la mama yake, jina la Halimo, na jina la Halimo lenye mwaka wa ndoa, ambao aliukosea mara mbili. Joy alibonyeza huku na huku, akauma mdomo.

"Naweza kuivunja. Dakika chache tu, unaingia. Lakini kuna folda uliifungia kwa ndani, si ndiyo? Uliweka ile alama ya kuificha hata mtu akiiba diski?"

"Niliweka."

"Ulikuwa unaficha nini, mzee? Siri za serikali?" Alicheka peke yake. "Sasa nikivunja mlango, hiyo folda haitafunguka tena. Maisha. Njia nzuri ni hii hapa: maswali matatu. Ulijibu mwenyewe siku ulipoweka paswadi. Jibu vilevile ulivyojibu, itakupa nafasi ya kuweka mpya. Lakini iwe vilevile. Hii haitaki ukweli, inataka ulichoandika."

Bisharo alivuta stuli karibu. Joy akageuza kioo kiwatazame wote wawili.

Swali la kwanza liliuliza jina la mnyama wake wa kwanza wa nyumbani. Aliyetunga maswali hayo alikuwa na picha ya mtoto na mbwa kwenye zulia. Mnyama wa kwanza wa Abdimajid alikuwa punda wa kuleta maji, na kwa kuwa alitembea polepole na hakuna aliyeweza kumharakisha, nyumba nzima ilimwita Karani. Akaandika Karani. Alama ya kijani ikatokea. Joy akapiga makofi.

La pili liliuliza wazazi wake walikutana mji gani.

"Walikutana?" Bisharo aliuliza.

"Hawakukutana. Waliokutana ni babu zangu wawili, Garbatulla, wakinywa chai. Wenyewe walionana baada ya nikaha." Akaandika Garbatulla. Kijani.

La tatu: jina la kwanza la binamu yako mkubwa kabisa.

"Hilo hata mimi naweza," Bisharo alisema, na kabla hajazuiwa, mkono wake ulishaandika Dahir. Herufi zilikaa pale peupe, maana paswadi hufichwa kwa vitone lakini majibu ya maswali huachwa uchi. Kompyuta ikakataa.

"Labda herufi kubwa," Joy alisema. Wakajaribu DAHIR. Wakajaribu Daahir, na jina la baba yake likifuata. Ikakataa yote, kwa adabu ileile.

"Adeer, kuna mwingine mkubwa kuliko baba?"

"Hakuna."

Ndipo lile jambo lilipokuja likaketi. Aliukumbuka mchana ule wote: kibaraza, chai, hasira. Lori lake lilikuwa limegonga ngamia wa mtu kwenye barabara ya Ngaremara. Wazee walikaa. Abdimajid alieleza vizuri sana jinsi ngamia alivyoruka mbele ya gari. Wakamgeukia Dahir, aliyekuwa kando ya barabara siku ya ajali, na kila mtu alijua ndugu atasema nini. Dahir alisema, "Ngamia haruki. Abdimajid alikuwa anaongea na simu." Kisha akaomba sukari iongezwe.

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililokosa msamaha. Abdimajid alirudi nyumbani, akaufungia wimbo ndani ya folda ili watoto wasiucheze tena mbele yake, akaweka paswadi ngumu, na maswali yalipokuja aliyajibu kwa uaminifu mpaka alipofika la tatu. La tatu liliuliza jina la Dahir. Aliandika: Amekufa.

Siku hiyo Dahir alikuwa mzima, Ngaremara, pengine ananywesha. Aliishi miaka baada ya hapo. Wakisalimiana, walisalimiana kupitia watu. Kisha akaugua, na Abdimajid alipanga kwenda kumwona Ijumaa baada ya swala, na mauti hayakusubiri Ijumaa. Alibeba jeneza. Alitupa udongo. Watu walisema, angalia jinsi ndugu anavyolia, na yeye alikubali sifa hiyo kwa vile hapakuwa na namna ya kuirudisha.

"Vunja tu," alimwambia Joy.

"Nini?"

"Vunja mlango. Nimesahau. Ni uzee."

"Mzee, nimekwambia hiyo folda itapotea."

"Adeer!" Bisharo alishika ukingo wa kompyuta kama mtu anayeshika kamba ya mnyama. "Tumebakisha moja. Fikiri. Uliandika jina la utani? Jina la mama yake?"

"Bisharo, nenda utuletee chai."

"Sitaki chai. Gari la Ngaremara linaondoka sasa hivi. Kesho ni siku ya kunywesha. Fikiri, adeer."

Alifikiri. Ilimdhihirikia, bila kumpendeza, kwamba Joy akibonyeza kitufe kimoja, hakuna mtu duniani atakayejua. Wimbo utakwenda, neno lake litakwenda nao, na yeye atabaki mzee msahaulifu, ambalo ni kosa linalopewa kiti na maji ya kunywa. Alimwangalia Joy. Joy alikuwa ameshaweka kucha juu ya kitufe, anasubiri neno.

"Ondoa mkono," Abdimajid alisema.

Akajisogeza akae mbele ya kioo, akitumaini bega lake ni pana kuliko lilivyo, akaandika herufi moja moja. Amekufa. Kijani.

Hakuna aliyepiga makofi. Joy, ambaye maisha yake yote yalikuwa kusoma vioo vya watu wengine, aligundua ghafla kebo fulani iliyohitaji kutafutwa chini ya meza. Kompyuta ikaomba paswadi mpya. Bisharo aligeuza uso ukutani, kama inavyopasa mtu anapoandika siri yake, na akaendelea kutazama ukuta hata baada ya vidole kunyamaza.

Folda ikafunguka. Wimbo ulikuwa mfupi kuliko walivyoukumbuka. Maji yalisikika yakimwagika, kisha sauti ya Dahir, nzito, haina haraka, ikivuta neno la mwisho wa kila mstari mpaka ngamia wamalize kumeza. Katikati aliacha kuimba akasema, "Wewe Abdimajid, toa hiyo simu usoni mwao, wanafikiri ni fisi mdogo," akaendelea kuimba. Bisharo alicheka, halafu akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Joy alihamishia sauti kwenye simu ya Bisharo, na alipoulizwa bei alisema, "Nendeni tu."

Nje, kwenye jua, Bisharo alisimama.

"Adeer. Lile neno. Uliliandika baada ya mazishi, sivyo? Kwa majonzi."

Hakuwa anauliza. Alikuwa amemfungulia mlango, akasogea pembeni ili apite. Mtu mwenye akili angepita.

"Kabla," Abdimajid alisema. "Ni kabla. Alipokuwa amesema ile habari ya simu mbele ya wazee."

Kondakta mmoja aliita Ngaremara mpaka akachoka.

"Baba alijua?"

"Hapana."

"Basi na mimi sijui," alisema. Hakumwita adeer. Aliweka simu kwenye mkoba, akafunga zipu, akaangalia kama imefungwa kweli, akaenda zake garini.

Nyumbani Halimo aliuliza kama kompyuta imefunguka. Abdimajid akasema imefunguka. Mkewe akauliza ilikuwa imeharibika nini.

"Haikuharibika," alisema. "Ilikuwa inauliza maswali tu."