Tangazo la Saa Saba Mchana

Pale Mikumi nilikuwa na meza kando ya barabara kuu, kati ya muuza mahindi ya kuchoma na gesti ya madereva wa malori. Nilikuwa wakala wa redio ya kule Kilosa. Mtu akipotelewa na ng'ombe, akifungua duka au akifiwa, alikuja kwangu. Naandika tangazo, natuma studio kwa simu. Vifo ndivyo vilivyonilisha. Mitumba ina msimu, kufa hakuna msimu.

Asubuhi moja akaja mwanamume aliyefiwa na mke. Nikampa pole, akaipokea kama mtu anayepokea chenji.

"Lisomwe saa saba mchana," akasema. "Mara moja."

"Saa saba, kaka, watu wako shambani. Watakaokusikia ni mbuzi. Weka saa moja jioni, kabla ya salamu."

"Saa saba."

Wala hakubishana bei. Hilo peke yake lilinifanya nimtazame mara mbili. Nikamsomea nilichoandika: mazishi kesho saa nne asubuhi, habari zimfikie kaka wa marehemu aliyeko Ulaya, kijiji cha huku huku Kilosa.

"Huyo shemeji yako hana simu?"

"Anayo. Huko mlimani kwake haishiki."

"Basi kwa kuwa umefiwa, nakuongezea la jioni. Bure."

"Sitaki."

Nimeuza ndizi, nimeuza mitumba, nimeuza muda wa hewani. Sijawahi kuona binadamu anayekataa nyongeza.

"Katekista kasema watu wa mke lazima wajulishwe," akasema akiinuka. "Basi, nimewajulisha."

Hapo nikaelewa alichonunua. Kwa wenyeji wa milima hii mke hazikwi bila watu wake, na watoto wana mjomba kabla ya kuwa na mtu mwingine. Ila likishasomwa redioni, nani atasema hakuambiwa?

Nikampigia mtangazaji. "Dada, lile la saa saba lirudie jioni."

"Kalipia?"

"Nyongeza."

"Wewe na nyongeza zako! Utatufilisi." Lakini alilisoma, polepole, kwa sauti yake ya msibani.

Kesho yake nikafunga meza, nikaenda mazishini. Kabla ya saa nne jeneza lilikuwa limeshapigiliwa misumari. Waliotaka kutoa heshima za mwisho walikuwa wakiguna chini kwa chini. Ndipo ikaingia bodaboda, abiria kajaa vumbi mpaka kope.

"Shikamoo, baba," akamwambia katekista.

"Marahaba."

"Nimekuja kumwona dada yangu."

"Limeshafungwa, shemeji," mume akasema.

"Lifungueni."

Hakuna aliyesogea, mpaka fundi aliyelichonga alipoinuka na nyundo yake. Yule kaka akatazama uso. Kisha akaishusha khanga shingoni, akatazama tena, muda mrefu. Akaifunika. Wimbo wa akina mama ukakatika katikati ya ubeti.

"Nani walimwosha?"

Wanawake wawili wakainamisha vichwa.

"Hazikwi leo," akasema. "Baba, piga simu polisi. Wewe shemeji, kaa chini."

Katekista akafunga kitabu, akatoa simu. Mume akakaa. Macho yake yakanipata nikiwa nyuma ya watu.

"Mimi nililipia mara moja," akasema.

Nilikuwa nawahesabu watoto wa marehemu. Walikuwa watatu, wamekwenda kusimama nyuma ya mjomba wao bila kuitwa. Nikawahesabu tena: wote watatu.