Bisibisi ya Kusikilizia

Usimwonee huruma Sikio. Nakwambia mapema, maana ukifika mwisho utataka kutikisa kichwa na kusema masikini, na mimi sitaki. Masikini gani? Mtu yule alikuwa na ulimi wa kuchuna ngozi, na kwa miaka ishirini na miwili hakumbakiza mtu: si mteja, si mkwe, si hata aliyemfundisha kazi.

Alikuwa fundi wa viyoyozi vya magari. Jina la Sikio alijipa mwenyewe, na kusema kweli, zamani lilimfaa. Gari likiletwa linapiga kelele ukiwasha AC, mafundi wengine walifungua hiki na kile mpaka jua linazama. Yeye alichukua bisibisi ndefu ya mpini wa mti, akaweka ncha juu ya kompresa, ile pampu ya AC, mpini akauegemeza sikioni, akafumba macho. "Washa! Zima! Washa!" Basi. Kisha inatoka hukumu: beringi ya puli imekwisha, au mkanda umelegea, au kompresa yenyewe imekufa ndani. Hakuwa anakosea. Kufumba macho ndiyo ilikuwa mbwembwe yake. Alikuwa akisema macho ni ya mafundi rangi.

Na hiyo bisibisi, wala haikuwa yake. Ilikuwa ya mzee mmoja aliyempokea gerejini akiwa hajui hata kushika spana. Mzee alipoanza kuwa mzito wa kusikia, Sikio akaona njia imefunguka. Siku moja wateja wamejaa, akaingia garini kumwashia mzee AC, ila hakuiwasha. Alikiinua tu kidole juu ya swichi, hivi, wenzake wote wakiona. Mzee akasikiliza wee, akainuka na kutangaza kwamba anasikia beringi inalia. Gereji nzima ikaangua kicheko. Mzee akageuka huku na huku, akauliza, "Mnacheka nini, wanangu?" Kesho yake hakuja kazini, na bisibisi ikabaki kwa Sikio.

Hadithi hiyo Sikio aliisimulia kila mchana, chakula kikiwa mdomoni. Alinyoosha kidole, alikunja shingo, aliiga ile sauti ya mzee mpaka machozi ya kicheko yakamtoka. Binti yake wa pekee alikua akiisikia, akaijua kama anavyojua jina lake. Sasa binti huyo ndiye aliyekuwa anaendesha ofisi ya gereji, na mumewe alikuwa fundi palepale chini ya baba mkwe. Pole yake.

Basi mwaka wa pili huu dunia ilikuwa imeanza kumnyamazia Sikio. Alijua. Alijifanya hamnazo, lakini alijua fika. Alisoma midomo. Asipoelewa alifoka, "Sema kama mtu aliyekula!" na watu wakarudia kwa hofu. Kitu kimoja tu kilimtisha: kwamba iko siku mtu mwingine ataishika ile bisibisi mbele ya wateja, na yeye atakuwa mzee wa kukaa kwenye benchi la matairi akisubiri kusalimiwa.

Binti alimbembeleza taratibu, tena faraghani. "Baba, twende hospitali wakupime masikio. Siku hizi kuna vifaa, baba yangu, hata watu hawavioni." Unajua alichomjibu? Alitoka naye nje mpaka katikati ya mafundi, ndipo akajibu. "Nenda ukapimwe wewe kwanza! Miaka sita ya ndoa hata paka hujazaa." Fundi rangi aliinama kama anatafuta brashi. Binti akarudi ofisini, akafunga mlango, na hakuligusa tena suala la masikio.

Wiki iliyofuata, asubuhi, mwalimu mmoja wa sekondari akarudisha gari lake dogo jeupe, uso umemkunjamana. "Mlinifungia kompresa mpya, na kelele ni zilezile." Alikuwa mteja wa tatu kurudi mwezi huo.

Mkwe akainama chini ya boneti, injini ikinguruma, akashika hapa na pale. "Mzee, nadhani kompresa haina kosa. Kile chuma kinachoishikilia kwenye injini, bolti yake ya chini imelegea. AC ikiwaka kinatikisika. Shika uone."

"Unadhani?" Sikio alimsogeza kwa kiwiko. "Wewe hayo masikio umewekewa ya kuning'inizia miwani! Mwalimu, samahani, binti yangu aliolewa na sanamu." Akacheka peke yake, akaenda kuchukua bisibisi.

Binti alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Akaja mpaka kwenye gari, akaketi kwenye usukani. "Nitakuwashia mimi, Baba."

Sikio akaweka ncha juu ya kompresa, mpini sikioni, akafumba macho.

"Washa!"

Binti akakiinua kidole juu ya swichi, akakiacha hewani. Fundi rangi akaona. Mafundi wengine wakaona, wakasogea. Mkwe alitaka kusema neno, mkewe akamkata jicho.

Sikio hakusikia kitu. Mtetemo wa injini tu, unapanda mfupani. Akangoja muda ule ambao fundi hodari hungoja, akabana midomo. "Zima! Haya, washa tena! Eeh, hiyo hapo!" Akainuka, akamgeukia mwalimu. "Hata hii mpya ni takataka. Pistoni zinagonga ndani. Ukiwasha zinalia, ukizima kimya. Mtoto mchanga angesikia!"

Binti akatoka garini. "Baba, sijawasha."

"Ndiyo. Pistoni."

"Sijawasha kabisa, Baba. Mara zote mbili."

"Si ndiyo nasema? Mara zote mbili zimelia!"

Wakacheka. Nasema ukweli, walicheka kama wehu. Miaka mingi ya matusi iliwatoka siku hiyo kwa mkupuo. Sikio akaona midomo imeachama, akadhani ule utani wa sanamu ndiyo kwanza umewaingia. Naye akacheka! Akajipiga paja, akamnyooshea mkwe kidole, akacheka kuliko wote.

Lakini mkwe alikuwa anatazama chini. Na binti hacheki, kidole chake bado kimeinuliwa, hivi.

Kicheko kikamkauka. "Mnacheka nini?" akauliza, na safari hii hakuhitaji kuiga sauti ya mtu.

Binti akamtoa bisibisi mkononi, taratibu kabisa, akampa mumewe. Kisha akaiwasha AC kwelikweli. Gari likaanza kugongagonga, mwalimu akaziba masikio. Mkwe hata hakuitumia ile bisibisi. Alichukua spana, akaikaza ile bolti ya chini mizunguko mitatu, akarudi nyuma. Mwalimu akashusha mikono, akatabasamu.

Sikio alikuwa akitazama midomo yao, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyekuwa anasema kitu.

"Kelele zimeisha?" akauliza.