Sauti Iliyofungua Kadi

Mwanamume ambaye wanunuzi wa mnadani walimbandika jina la Radi alikuwa sasa hawezi hata kumwita mkewe aliyekuwa chumba cha pili. Kwa zaidi ya nusu ya umri wake alisimama jukwaani katika ukumbi wa minada, akinadi makabati, majokofu na viti vya ofisi zilizofilisika, tena bila kipaza sauti, kwa kuwa aliona chombo hicho ni mkongojo wa watu wasio na kifua. Kisha koo likaanza kumkwaruza, sauti ikachanika kama turubai kuukuu, na tabibu akamwonyesha katika picha kijinundu kilichoota juu ya nyuzi za sauti. Hakikuwa kitu cha kungojwa.

Hospitali ya mji wa mbali ilimtengea kitanda cha kuanzia Jumatatu. Sharti lilikuwa moja: kilipiwe kwa kadi kabla ofisi ya malipo haijafungwa Ijumaa ile, la sivyo angepewa mgonjwa mwingine, na daktari mpasuaji alikuwa karibu kusafiri kwa miezi kadhaa. Radi alikuwa na kadi ya mkopo, aliyoitunza kwa siku kama hiyo. Lakini alipojaribu kulipa asubuhi ya Ijumaa hiyo, malipo yalikataliwa, na papo hapo ukaingia ujumbe wa kampuni ya kadi: kwa usalama wako, tumeifunga kadi yako kwa muda, tafadhali tupigie. Na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyompongeza juma lililopita kwa kumwongezea kiwango cha kukopa, ikamhimiza aitumie kadi bila wasiwasi.

Alipiga. Muziki ukalia, ukakatika, ukaanza upya. Sauti iliyorekodiwa ikamhakikishia kwamba yeye ni mteja mpendwa na kwamba simu yake ina umuhimu mkubwa. Radi alizunguka meza akiwa na simu sikioni, akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena, hata mkewe akavisogeza viti ukutani asije akajikwaa.

"Wamesemaje?" mkewe aliuliza.

"Nisubiri."

"Hilo nimelisikia tangu sijabandika chai."

Hatimaye mtambo ukamtaka aseme maneno ya kujitambulisha: Mimi ndiye mwenye kadi, na sauti hii ni yangu. Radi akayasema kwa mkwaruzo wake. Mtambo ukafikiri, kisha ukajibu kwa adabu kwamba sauti hiyo hailingani na ile iliyohifadhiwa, na kwamba mteja anaombwa azungumze kwa sauti yake ya kawaida.

"Ya kawaida," alinong'ona, akimgeukia mkewe. "Ningekuwa nayo, hospitali ningeitakia nini?"

Mkewe akaichukua simu, akabonyeza tarakimu hizi na zile mpaka akampata mtu. Akaeleza kwa utulivu kwamba mumewe ni mgonjwa wa koo.

"Pole sana, mama," kijana wa upande wa pili alimjibu. "Ila haturuhusiwi kuzungumza na asiyekuwa mwenye kadi."

"Mwenye kadi yuko hapa. Hana sauti."

"Basi aseme mwenyewe kwamba hana sauti."

"Tuje ofisini kwenu?"

"Ofisi zetu hazipokei wateja, mama. Tunawahudumia kwa simu ili kuwapunguzia usumbufu."

Kwa hakika kosa lilianzia mwaka uliotangulia, siku kampuni ilipompigia Radi ikimtaka atoe sauti iwe kitambulisho chake. Simu ilimkuta jukwaani, baina ya kabati moja na jingine, ukumbi ukivuma kwa wanunuzi. Mtu mwingine angetoka nje. Yeye, kama dalali yeyote aliyezoea kelele, alivuta pumzi akayatamka maneno yale kama anavyotamka bei, kwa sauti ya kifuani, akiirefusha silabi ya mwisho mpaka wa nyuma wasikie. Wanunuzi walicheka, na mmoja akauliza kadi hiyo inaanzia bei gani. Hivyo kilichohifadhiwa na kampuni hakikuwa sauti ya Radi mzima wala ya Radi mgonjwa. Kilikuwa ni mwito wa jukwaani.

Adhuhuri ilikuwa imepita alipoingia shemeji yake, mdogo wa mkewe, akipangusa vumbi la ukumbini. Huyu alifunzwa kunadi na Radi mwenyewe, na tangu koo la mwalimu lilipoharibika ndiye aliyeshika jukwaa.

"Shemeji, nimekuja kukutukana leo," alisema akiketi, "maana najua huwezi kunijibu."

"Ngoja nipone."

"Ndiyo maana nimewahi. Dada, mbona huyu anazunguka kama feni?"

Mkewe akamweleza. Walikuwa wamekwisha kujaribu mara kadhaa, na mtambo ulikuwa umeonya kwamba jaribio moja likishindikana tena, kadi itafungwa moja kwa moja. Shemeji alisikiliza, akainamisha kichwa, kisha akakohoa na kutoa mwito mmoja mfupi. Ulikuwa ni wa Radi mtupu, na mrefusho wake wa mwisho.

"Hapana," Radi alisema.

"Sijasema neno bado."

"Hiyo ni bei hewa."

Wote wawili walimwelewa. Wako madalali ambao, mnada ukipoa, hutaja bei ambayo hakuna kinywa kilichoitoa, ili mnunuzi wa pekee apande akidhani anashindana na mtu. Radi hakuwahi kuitaja bei ya namna hiyo, hata siku ambazo mali ilikwenda kwa hasara na mwenye ukumbi akamnunia.

"Bei hewa humwibia mnunuzi," shemeji alisema, sasa bila mzaha. "Hapa kadi ni yako, deni litakuwa lako, koo ni lako. Tunamwibia nani? Mtambo?"

"Utasema wewe ndiye mimi."

"Na usiposema wewe wala yeye," mkewe akaingilia, "Jumatatu nitalala nikikusikiliza unavyopumua. Mimi nimechoka kusikiliza."

Radi alikwenda dirishani. Simu aliiacha mezani. Hakuificha, wala hakumpa mtu. Shemeji aliitazama, akamtazama dada yake, akaichukua.

Maneno yalipotoka, chumba kizima kilijaa jukwaa: Mimi ndiye mwenye kadi, na sauti hii ni yangu. Mtambo ukashukuru na kusema umemtambua. Ikafuata sauti ya mwanamke.

"Karibu, mzee. Naona malipo ya hospitali yamezuiliwa. Niyaruhusu?"

Radi alikwisha kufika mezani. Akaitwaa simu mkononi mwa shemeji yake.

"Mwanangu," alinong'ona, "aliyesema si mimi. Ni shemeji yangu. Mwenye kadi ni mimi huyu."

Mkewe akaketi juu ya kiti kilichokuwa ukutani.

"Mzee," mwanamke alisema polepole, "laini hii ina mikwaruzo. Sikulisikia hilo. Ningelisikia, ningelazimika kuifuta kadi, na nyingine huchukua majuma. Ulisema nini?"

Radi alifungua kinywa. Tabibu alimkataza kukaza sauti, lakini si hilo lililomzuia.

"Nakuuliza tena, mzee. Lipo jambo unataka kuniambia?"

Aliujua mwendo huo kuliko mtu yeyote aliyekuwa chumbani. Dalali huita mara tatu, na baada ya ya tatu, kimya cha ukumbi ndiyo ahadi. Aliyenyamaza amekubali, na hana haki ya kulalamika nyundo ikishuka.

"Kwa mara ya mwisho."

Hakusema kitu. Kidogo tu, akasikia vidole vikigonga vibonyezo.

"Haya, yamepita. Mungu akujalie afya."

Shemeji alipiga meza kwa furaha. Mkewe aliingia chumbani akaanza kupanga nguo katika begi. Radi aliswali alasiri, akamaliza, akabaki ameketi palepale muda mrefu kuliko desturi yake. Kisha akainuka akaanza tena kuzunguka meza. Mara mbili aliichukua simu, na mara mbili akairudisha, hadi mkewe akaja akaichukua na kuitia begini chini ya nguo.

"Ukipona utawapigia," alisema, "uwaambie lolote unalotaka, kwa sauti yako mwenyewe."

"Itakayotoka huko haitakuwa ile waliyo nayo," Radi alinong'ona. "Kwao, mwenye kadi ni ndugu yako."

Mkewe aliufunga mkanda wa begi, akauvuta kuhakikisha umeshika.

"Basi usigombane naye," alisema.

Shemeji alicheka. Radi alikwenda dirishani.