Sauti ya Pili ya Yau Pik-ha

Yau Pik-ha alizaliwa North Point, Hong Kong, binti wa kinyozi aliyependa redio kuliko chakula. Alikuwa akifagia nywele sakafuni huku anaimba, na wateja wakimtania baba yake kwamba hata akiwanyoa ovyo watamsamehe, mradi mtoto asinyamaze. Angali msichana wa shule, alishinda shindano la televisheni. Kabla hajazoea viatu virefu, picha yake ilikuwa imebandikwa kwenye mabasi, na nyimbo zake za Kikantoni zikasikika kwenye teksi, migahawani na harusini. Alilala kidogo, akaimba mno, na aliyemwambia apumzike alichekwa.

Koo lilimsubiri. Alipokaribia miaka thelathini, vinundu vikaota kwenye nyuzi za sauti. Madaktari wakavikata. Siku aliporuhusiwa kusema, ilimtoka sauti nzito ya mikwaruzo ambayo hata yeye hakuitambua. Kampuni iliyotoa santuri zake ilimletea maua, kisha ikanyamaza.

Alijifungia nyumbani hadi mwongozaji wa tamthilia, Bwana Szeto, alipombishia hodi. Alitafuta mtu wa kuigiza muuza samaki mgomvi.

"Waigizaji wamejaa mjini," Pik-ha alisema. "Kwa nini mimi?"

"Wote wana sauti za asali. Muuza samaki wa asali nani atamwamini?"

Neno lilimchoma, lakini alikubali. Akaenda sokoni Kowloon City kujifunza, akaangukia kwenye meza ya Mok Lai-kuen, mwanamke mpana aliyewazidi wengi kwa mdomo. Watu wote walimwita Dada Mok.

"Si wewe yule wa kwenye mabasi?"

"Nilikuwa, Dada."

"Basi vaa buti. Umaarufu hauzuii maji."

Akampa chewa aliye hai. Pik-ha akamwinua kwa vidole viwili.

"Mdogo wangu, hicho si kipaza sauti! Mkabe kama mume aliyerudi amelewa."

Chewa akamponyoka, akatua kwenye kikapu cha bibi mmoja aliyekuja kununua mboga. Soko likaangua kicheko, na Pik-ha akacheka nalo, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

Majira yale yote ya baridi alikwenda pale kila asubuhi. Dada Mok alimfundisha kunadi bei bila kuumiza koo, na kumsuta mteja mbishi asiende meza ya jirani. Hakumwonea huruma, na hilo ndilo lililomponya. Tamthilia ilipoonyeshwa, watu waliacha bakuli za wali zipoe. Kazi zikafuatana: mama mkwe, mlinzi wa gereza, mtawa. Kila alipopewa tuzo, kesho yake alikwenda sokoni kuionyesha, na Dada Mok aliipima kwa mkono na kusema ni nyepesi kuliko kamba mmoja.

Dada Mok alipotimiza miaka sabini, kwenye karamu yake, maandazi ya umbo la pichi ya kumtakia maisha marefu yalipokwisha kuliwa, aligonga kikombe cha chai.

"Sasa Pik-ha atatuimbia."

"Dada, usinitie aibu. Sauti yangu ilikufa, unajua."

"Ile iliyokufa iache ipumzike. Mimi sijawahi kuisikia ana kwa ana. Nataka hii unayonigombeza nayo."

Pik-ha akasimama. Akashusha wimbo chini kabisa, mahali ambapo zamani hakufika, akaimba polepole. Wajukuu wa Dada Mok wakaacha fujo. Bwana Szeto, aliyekuwa meza ya jirani, alivua miwani na kuifuta kwa kitambaa cha meza.

Santuri aliyorekodi baadaye haikutangazwa kwenye mabasi. Lakini usiku wa kuizindua, ukumbi mmoja wa mtaani ulijaa, na mstari wa mbele wakakaa wauza samaki wa Kowloon City, waliojisugua kwa ndimu na bado wakanukia bahari. Pik-ha aliwaomba wasimame ili watu wawajue. Wakagoma, wakisukumana kwa haya, Dada Mok akimfanyia ishara ya mkono: imba, acha maneno.

Kwa hiyo hakutoa hotuba. Akashuka ngazi za jukwaa, akasimama mbele yao, akainama mpaka nywele zake zilizoanza mvi zikamfunika uso. Kisha akarudi juu na kuwaashiria wapiga muziki waanze.