Nafasi ya Vitalia kwenye Ngokela

Vitalia ni wifi yangu, na kabla hajaanguka na bodaboda kwenye mteremko wa Mpepai, hapakuwa na mwanamke hapa Mapera aliyemshinda kwa jembe. Aligonga kichwa lakini damu haikutoka, na hilo ndilo lililomponza, maana watu wetu hupima ugonjwa kwa damu. Miezi ikapita, kichwa bado kinamgonga, jua linamchoma macho, na akienda dukani kununua chumvi anasahau alichofuata, anarudi mikono mitupu. Wakasema anadeka. Nilitaka kuwatukana, nikamwogopa Mungu.

Hospitali ya mjini tulimkuta Tumpe, mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake kidogo kidogo. Alitusalimia shikamoo, kisha akataka kujua tunavyolima ngolo, yale mashimo yetu ya mlimani. Tukamweleza: nyasi zilizofyekwa hupangwa mirabamraba, kila mraba huchimbwa katikati, na udongo wake hufunika nyasi ziwe kuta za kuzuia maji.

“Basi mama, chimba shimo moja, kaa, fumba macho,” Tumpe akasema. “Pumzika kabla kichwa hakijauma.”

Kwenye bustani ya nyumbani ilimfaa sana. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na ngolo hulimwa kwa ngokela: leo wanawake wote kwa jirani yetu Beata, siku nyingine kwangu, nyingine kwa Vitalia. Asiyekwenda kwa wenzake hana wa kumlimia. Tunalima kwa safu, bega kwa bega, na anayekaa anaikata safu.

Kwa Beata, Vitalia aliona haya kukaa. Alichimba mfululizo mpaka kichwa kikavurugika, akawa anachimba palepale kwenye mistari ya nyasi badala ya katikati ya mraba. Hatukumwona, kila mtu alikuwa na shimo lake. Mvua kubwa ya kwanza ikapitia hapo, kuta zikabomoka moja baada ya nyingine, na maharage ya Beata yakateremka hadi mtoni.

Beata hakugomba. Afadhali angegomba.

Zamu ya Vitalia ilipofika, nilidhani hatakuja mtu. Walikuja wote, umande haujakauka. Vitalia akatoka na jembe lake, amefurahi kama bibi harusi. Beata akalipokea taratibu, akaliegemeza ukutani.

“Dada, wewe kaa. Tutakulimia, mwaka huu na mwakani.”

“Na kwenu nije lini?”

“Usijisumbue.”

Wakalima shamba lote, vizuri, kwa nyimbo, kama tunavyowalimia vikongwe wasio na mtu. Vitalia aliwatazama kutoka mlangoni, kisha akawagawia togwa na kumshukuru kila mmoja kwa jina.

Walipoondoka akaniambia, “Wifi, leo wamenitoa kwenye ngokela.”

Nilimjibu kwamba wanampenda. Ni kweli wanampenda, na hilo ndilo lililoniliza.