Pikapu ya Baba Mkwe Inafundishwa Kupumua

Nyumbani kwetu tuna mafundi wawili: mimi wa cherehani, mke wangu wa injini. Ndiyo, hujasoma vibaya. Mimi nashona magauni, yeye anarudi na grisi mpaka kwenye nyusi. Mtaani wanamwita Mama Pumzi, maana kwake kila injini ina ugonjwa mmoja tu: haipumui vizuri. Mwambie taa ya breki haiwaki, atakuuliza kama umetazama njia za hewa.

Utaalamu wake hasa ni silinda hedi, yaani vichwa vya juu vya zile injini za zamani za V-8, zenye silinda nane. Hewa huingia kwenye injini kupitia matundu yaliyomo ndani ya hedi, na matundu hayo hutoka kiwandani yana mikwaruzo na kona za ovyo. Yeye huyasaga taratibu mpaka yanateleza. Kisha hupima hewa inayopita kwa mashine ya kufyonza vumbi, aliyoiunganisha na bomba la plastiki lenye maji ili aone yanavyopanda. Mashine ilikuwa yangu, ya kufyonzea nyuzi chini ya cherehani. Nilipoiulizia akaniambia nishukuru, imepandishwa cheo. Tangu hapo nafagia.

Sasa, baba mkwe alipofariki aliacha pikapu kuukuu yenye V-8 ya aina hiyo, ambayo ilikuwa haipandi tena mlima wa kwao bila kusukumwa. Kaka mkubwa wa mke wangu, mwenye neno la mwisho katika familia, akampata mnunuzi wa vyuma chakavu. Mke wangu akalia. Gari lile ndilo lililomfundisha kazi, akiwa amesimama kando ya baba yake na tochi. Kaka akakubali kwa shida: Jumamosi tupande mlima watu watatu, tukianzia chini kabisa. Likishindwa, linakwenda kupimwa kwa kilo.

Mke wangu akafungua hedi, akaanza kusaga. Mafundi wenzake wakipita wanachungulia matundu yanavyong'aa, wanasifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akazidi kuyapanua, maji yanapanda kwenye bomba, na kichwa chake nacho kinapanda. Alipofunga hedi na kujaribu gari, kwenye tambarare likakimbia vizuri sana. Kwenye kamwinuko ka nyuma ya karakana likakohoa, likarudi kinyumenyume taratibu kama mgeni aliyekosea nyumba.

Jamani, alinuna. Mara ni kabureta, mara ni petroli, mara ni mimi nilikaa upande mmoja. Nilijua amekosea, na nilijua anajua. Mficha uchi hazai, lakini nenda kamwambie wewe. Mezani nikaishia kusema kwamba sisi washonaji, nguo ikipwaya tunaipunguza.

"Chuma si kitambaa, baba watoto," akajibu. "Nilichosaga kimekwenda."

Halafu kijiko kikabaki hewani. Chakula akakiacha pale pale, akaenda kutafuta gundi ya chuma.

Huku akiikanda akanieleza kosa lake: alipima wingi wa hewa, akasahau mbio zake. Tundu likiwa pana mno na injini inazunguka polepole, hewa inajikokota tu, na mlima hautaki mkokoto. Akakandika gundi kwenye sakafu ya kila tundu, akaiacha ikakauka, akaisugua mpaka wembamba ukarudi. Mimi nikashika tochi. Sikuthubutu kutaja neno kupunguza.

Jumamosi shemeji akakaa mbele na dada yake, mimi nikatupwa nyuma kwenye bodi pamoja na tairi la akiba. Dirisha la nyuma halina kioo, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Mke wangu aliachia klachi, nami nikafumba macho. Nilipofumbua tulikuwa katikati ya mlima, gari linavuta bila hata kikohozi.

 Tulipofika juu shemeji akateremsha kioo, akatoa kiwiko nje, vile vile alivyokuwa akikaa marehemu baba yao. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada," akasema, "usigeuze kwanza. Tupite kwa yule mnunuzi wa vyuma, tumpungie mkono."